Vidole vya Baba

Wamaza

Yaya Octave, kaka yangu,

Huku tuko wazima, na muhogo umeota vizuri. Juzi nguruwe pori mwenye jeraha alimkimbiza mama shambani. Mama akapanda kichuguu, nguruwe akabaki chini anamzunguka.

Tuliposikia kelele zake, baba akachukua bunduki yake ya zamani, tukaenda naye shambani. Alimimina baruti kwenye mdomo wa mtutu, akatia risasi, akashindilia kwa ufito, akabandika fataki ya kuwashia baruti. Ungeona vidole vyake, Yaya! Havikukosea kitu. Kisha akanipa mimi.

— Chimène, piga weye. Macho yangu iko giza tangu mwaka jana.

Nikapiga, nguruwe akaanguka. Mama akashuka, akamshika baba mkono, akamwongoza nyumbani. Kumbe mama alijua zamani kwamba baba haoni.

Baba amekataza nikuandikie. Njoo.

Mdogo wako anayekukumbuka,
Chimène