Mashine Iliyo Chini ya Gunia

Mama Chepngeno, mshauri wetu wa kila Jumamosi, pole kwa kukusumbua, lakini naomba unisaidie kabla sijafanya jambo ambalo halitarudishika.

Mimi ni fundi hapa Kapkatet, natengeneza injini ndogo ndogo, misumeno ya petroli, pampu za kunyunyizia dawa, mashine za kukata nyasi, kila kitu kinachokunywa petroli na kupiga kelele, na kazi hii nimeifanya bila ugomvi na mtu mpaka siku Mzee Kipkirui aliponiletea mashine ya kuchuna chai. Aliileta kwa pikapu, imefunikwa kwa majani ya nepia kama mtu anayepelekea ng'ombe chakula, akaniambia inazimikazimika ikiwa shambani, nikamwambia aniachie, akasema atarudi wiki hiyo hiyo, na mimi kwa ujinga wangu sikuuliza kwa nini mashine inasafiri chini ya majani.

Unajua vile mashine hizi zinachukiwa huku kwetu. Mke wangu Lenah alikuwa mchunaji kwa shamba kubwa, mashine zilipokuja yeye na wenzake wakaambiwa waende nyumbani, na sasa anachunia wenye mashamba madogo pamoja na kikundi cha wanawake, na kikapu chake ndicho kinacholisha watoto wetu siku kibanda changu kikikosa kazi. Halafu mimi, mume wa Lenah, ndiye niliye na hiyo mashine kwenye kona, chini ya gunia.

Niliitengeneza, nikaijaribu nyuma ya kibanda, kidogo tu, nikazima. Jioni hiyo Lenah akaja nyumbani akisema Janeffer, mwenzake wa kikundi, amesikia mlio wa mashine ya chai hapa hapa senta. Nikamwambia labda ni msumeno. Akasema, "Baba Zack, Janeffer alifanya kazi karibu na hiyo mashine mpaka masikio ikaharibika. Hawezi changanya na msumeno." Nikauliza, nikijifanya sijali, wakimpata mwenye kuificha watamfanya nini. Akasema, "Tutamuuliza tu." Alikuwa akimenya viazi na hakuinua macho, na tangu siku hiyo usingizi wangu umekuwa wa kuvunjikavunjika.

Mzee mwenyewe haji. Nikimpigia simu hashiki. Nilikutana naye mara moja nje ya hospitali, amemleta mama watoto wake kliniki, nikamwambia mashine iko tayari, akaangalia huku na huku, akaniambia, "Kijana, wacha ikae hapo kwanza. Hii maneno haijapoa." Nikasema sawa mzee, kwani ningesema nini, yeye ni mtu mzima na mimi, hata kama nimezaliwa huku na Kipsigis ninaongea vizuri kuliko Kijaluo cha baba yangu, jina langu ni Calvince, na mambo yakiharibika hakuna atakayeuliza nilizaliwa wapi.

Kuna jambo lingine na hili naona aibu hata kuliandika. Mashine ya kanisa ya kukata nyasi iliharibika kabureta, na mwenyekiti wetu, Mzee Johana, alitaka ipone kabla ya harusi fulani, spea haikupatikana hata Kericho, na nikaona kabureta ya ile iliyo chini ya gunia inaingia sawasawa. Sisi mafundi tunafanya hivyo kwa vitu vilivyokaa, tunatoa hapa tunaweka pale, tunasema tutarudisha. Sijarudisha. Kila Jumapili nyasi ya kanisa iko chini, safi, watu wananisifu kwa kazi nzuri, na mimi naangalia viatu vyangu.

Juzi Lenah aliniletea chakula kibandani, mvua ikaanza, akasema atangoja ipungue, akatafuta pa kukaa, na akakaa juu ya gunia. Mama, alikaa pale akila githeri na kunisimulia mambo ya shule ya watoto, na chini yake ni ile kitu, na mimi natokwa na jasho kwenye baridi yote ile. Akaniuliza kama ni malaria inanianza.

Sasa kuna mtu wa vyuma vikuukuu anaitwa Omwenga, ameniambia anaweza kuja na gari giza likiingia aipeleke Sigowet kwa mtu asiyeuliza maswali. Kuna siku nafikiria kumkubalia, kuna siku nafikiria kuitupa mtoni, kuna siku nafikiria kuifungua yote iwe spea na iishe. Naogopa wanawake wataniteketezea kibanda, naogopa mzee ataniitia polisi, na kuliko wote namwogopa mke wangu, si kwa sababu ni mkali, ni kwa sababu atajua nilikula naye meza moja siku hizo zote nikijua. Nikisikia sauti za wanawake wengi barabarani moyo unaruka, hata kama wanatoka kwa ibada. Niambie la kufanya.

Fundi, Kapkatet

MAMA CHEPNGENO ANAJIBU

Fundi, kwanza vuta pumzi. Majina yote nimeyabadilisha, na senta pia, kwa sababu wewe uliniandikia kila kitu mpaka rangi ya mlango wako, ambayo nimeifuta, na mtu anayejificha hafanyi hivyo.

Pole sana. Sikucheki. Nimeona hasira ya watu walionyang'anywa kazi na chombo cha chuma, na anayesema hasira hiyo si ya kuogopwa hajawahi kukaa huku. Hata hilo la jina lako nimelielewa, na limeniuma.

Lakini nikuulize, kosa lako ni nini? Kutengeneza mashine si kosa, ndiyo kazi yako. Kukaa nayo pia si kosa. Makosa yako ni mawili na yote umeyapitia haraka haraka. Uliingiza mkono kwenye mali ya mtu, na ulimdanganya mke wako ukisema ni msumeno. Kusema mafundi wote hufanya hivyo hakukusaidii kitu. Wote wakipelekwa kwa chifu utajibu peke yako.

Huyo Omwenga usimwone tena. Ukiuza mali ya mteja gizani utakuwa mwizi, na yule mzee asiyeshika simu, siku hiyo atashika. Mtoni pia usithubutu, watu wanachota maji huko. Nchi hii ina sheria kuhusu mali ambayo mteja amekataa kuchukua, na haianzi na kuuza, inaanza na kumjulisha mwenyewe ipasavyo. Kaulize kwa chifu au kwa wakili kabla mkono wako haujagusa hata skrubu.

Leo hii, kabla ya chakula, mwambie Lenah. Usimwambie kibandani wala mbele ya watoto. Mwambie yote, mpaka alichokalia. Atakasirika, na ana haki, nawe utabaki pale pale mpaka amalize. Na usimwambie ulikuwa unamkinga yeye, maana ulikuwa unajikinga mwenyewe. Akishatulia, mwombe asiseme kwa kikundi mpaka mashine iwe imetoka. Ikishatoka, yeye ndiye atakayewaeleza wenzake, kwa sababu ni mmoja wao na watamsikiliza. Wewe hawatakusikiliza.

Kesho nenda kwa Mzee Johana. Mwambie kabureta iliyo kwa mashine ya kanisa ni ya mtu, na uitoe. Nyasi irefuke mpaka spea ipatikane. Mungu ameshaona nyasi ndefu kuliko hiyo.

Ukiwa kwake, mwombe akusindikize kwa Mzee Kipkirui. Mzee anaweza kumwambia kijana "wacha ikae," lakini kumwambia mzee mwenzake akimtazama usoni, hapo atapata kazi. Mtumie Kipkirui ujumbe wa simu kwanza na usiufute. Nendeni mchana, mpite barabarani kama watu. Akupe siku ya kuja kuichukua, na aje mwenyewe na pikapu yake, wewe usimpelekee. Akikataa, tokeni kwake moja kwa moja mpaka kwa chifu, mwelezeni mkiwa wawili. Na kuanzia sasa tundika kibao mlangoni chenye kusema kazi ikiisha ichukuliwe, na umsomee kila mteja kabla hajashusha mzigo.

Sasa soma tena barua yako mwenyewe. Unasema mzee haji na hashiki simu, kana kwamba mashine yake imemponyoka akilini. Mtu anaweza kusahau mwavuli kwa fundi. Mashine ya kuchuna chai hasahau. Aliifunika kwa nepia, akasubiri uitengeneze, kisha akakuambia kwa mdomo wake ikae hapo mpaka maneno yapoe. Yeye analala vizuri, Fundi. Alikuwa na mashine na alikuwa na hofu, na vyote viwili alivishusha kwako siku moja, na wewe ulikubali kutengeneza kimoja tu.

Mrudishie vyote viwili. Lakini kabureta iingie kwanza.