Tunaosimama Chini ya Daraja

Jumatatu, 6 Mei
Uji baridi, tena. Kiatu cha kushoto kinavuja. Kazi ni kubeba vyuma kutoka kwa lori hadi mtoni, na migongo yetu ya wakulima inalia. Jeshi limetuita sisi wa akiba, kikosi cha wahandisi, kwa sababu mafuriko yamebeba daraja huku chini ya Kiambere. Viazi nimeviacha shambani Kiirua. Mama Makena anavuna peke yake na amenuna. Ana haki.

Makena, binti yetu, ameolewa ng'ambo ya mto huu. Mimba imefika mwisho. Hospitali iko upande wa huku. Mashua haiwezi maji haya. Sisi tunavuka tukining'inia kwa kamba, lakini mwanamke mjamzito utamning'iniza?

Jumatano, 8 Mei
Vyuma vimefika ng'ambo! Njeru, mwalimu wa Embu ambaye tumebeba vyuma pamoja naye tangu tukiwa na nywele, alicheka peke yake kama mwendawazimu. Ijumaa asubuhi tunafungua. Nimempigia Makena. Nikamwambia, vumilia mama, Ijumaa utavuka kwa gari.

Alhamisi, 9 Mei
Balaa. Kapteni Wanjira anasema msingi wa ng'ambo umezama kidogo. Nilioujenga mimi. Nikasema ni udongo tu unatulia. Nilipaza sauti mbele ya mkubwa wangu. Akasema tuinue daraja kwa jeki, tuchimbe upya, tumalize Jumatatu. Ana umri wa binti yangu. Nilimchukia kabisa.

Jioni akatukusanya. "Sajini, waeleze hawa wapya kwa nini huwa tunasimama chini." Mjanja huyo. Ikabidi nieleze. Kabla ya wakati wangu, kikosi hiki kilikabidhi daraja kwa haraka. Lori la kwanza likaenda na maji, pamoja na watu. Tangu hapo, lori la kwanza likipita, waliojenga husimama chini. Hakuna aliyetoa amri hiyo. Historia yetu ndiyo hiyo, mengine ni gwaride tu.

Akauliza, "Haya. Tukifungua kesho, nani atasimama chini?"

Nilingoja mkono wa Njeru. Njeru aliangalia viatu vyake. Mkono wangu nao ulikataa kuinuka. Tukaleta jeki.

Ijumaa, 10 Mei
Mvua mchana kutwa. Mto umepanda, hata kuvuka kwa kamba kumekatazwa. Makena hapokei simu. Nimemtukana Njeru bure.

Jumamosi, 11 Mei
Mume wake alipiga asubuhi. Uchungu ulianza jana mchana. Mama mkwe na majirani walijaribu walivyoweza. Mtoto wa kiume. Hakulia.

Maji yalikuwa yameshuka kidogo, nikavuka kwa kamba na daktari wa kikosi. Daktari alizuia damu. Makena aliniona akageukia ukuta.

Nikarudi kuchimba. Ningeenda wapi? Chini ya msingi wangu ni tope tupu, mkono ulizama hadi kwenye kiwiko. Kapteni aliona, akanyamaza. Hata kwa hilo nilimchukia.

Jumatatu, 13 Mei
Tulisimama chini wote, Kapteni akiwa katikati yetu. Lori la kokoto likapita juu. Daraja lilitulia. Watu walipiga vigelegele. Gari la pili lilikuwa la wagonjwa, na Makena alikuwa ndani.

Ijumaa, 17 Mei
Hospitali, Embu. Makena anakunywa chai. Mama yake amesinzia kwenye kiti. Nje kuna jua.

Aliniuliza polepole, "Baba, kama hamngeliinua daraja, ningevuka ile Ijumaa?"

Nikasema ndiyo.

"Na lingenibeba?"

Nikamwambia sijui. Niliulizwa kama ningesimama chini yake, nikashindwa kuinua mkono.

Akasogeza miguu, akapigapiga shuka kwa kiganja kuniashiria nikae. Nimekaa hapo hadi sasa.