M ya Mama

Jumamosi. Ukungu umeikalia Sumbawanga tangu asubuhi.

Kompyuta hii ina sauti ya marehemu mama, akisimulia hadithi kwa Kifipa jikoni kwake Mollo. Nakala nyingine hakuna duniani. Dada yangu Yustina yuko Wampembe, kando ya Ziwa Tanganyika, mgonjwa, hata mazishini hakufika. Leo lori la dagaa lilikuwa linateremka ziwani, nami nilimwahidi flashi.

Ila mafaili yalikuwa makubwa kuliko flashi. Lazima kuyabana.

Mpwa wangu Anastazia ndiye aliyenifundisha kubana kwa kuandika amri. Namba moja hubana haraka haraka. Tisa hushindilia hasa, lakini polepole. Akasema, "Mjomba, weka moja, lori halingoji."

Moja? Mimi niliyefunga lumbesa, magunia ya kujaza kupita kiasi, kule Mwimbi mpaka mzani ukaomba likizo?

Nikangoja aende dukani, nikaweka tisa. Halafu, kwa heshima ya marehemu, nikaongeza m. M ya Mama.

zip -9 -r -m flashi/hadithi.zip hadithi

Ikaanza kusaga. Mstari mmoja, kimya. Mstari mwingine, kimya. Nje dereva anapiga honi kama ana harusi.

Anastazia akarudi, akachungulia kioo, sukari ikamtoka mkononi.

"Mjomba! Hiyo m inahamisha! Ikimaliza kufunga, inafuta mafaili ya mwanzo yote!"

Yaani mama angepanda lori mzimamzima, huku isibaki hata pumzi.

Akaikatiza. Nilifumba macho. Sijaogopa hivyo hata siku nilipomcharaza chui kwa ndala, tena ndala ya mguu mmoja.

Yote yapo. Inafuta mwisho kabisa, na tisa ilikuwa bado njiani.

Tukaweka moja, bila m. Ikaenea, ikabaki nafasi ya kijiko. Lori likaondoka na flashi.

Nikamwambia Anastazia: ningeweka moja yako pamoja na ile m, ungekuta bibi yako kashaondoka. Tisa yangu ndiyo iliyomwokoa! Aliendelea kuzoa sukari.

Jioni nimefungua faili moja kuhakikisha. Mama anasimulia, mara anakatiza hadithi, kwa sababu nyuma nasikika mimi nikianza habari za chui.

"Wewe, punguza maneno, ongeza kuni."

Nimecheka, kisha sikucheka tena.

Kesho nitajaribu kuyabana haya maneno yangu. Nianze na moja, au niende tisa kabisa?