Karani Wangu na Insulini ya Bei ya Jogoo

Jumamosi, hapa Kihanga. Ukungu ulikalia migomba mpaka saa nne, kahawa haikuanikwa, na mimi nina furaha kama niliyeolewa jana.

Leo najisifu. Asiyetaka majivuno ya mwenzake afunge ukurasa mapema.

Leo asubuhi Karani kapimwa sukari na imeshuka! Sisemi amepona, maana binti yangu atanigombeza. Anasema huu ugonjwa hutulizwa tu. Basi umetulia. Umetulia kabisa!

Karani ni paka. Tulimwita hivyo kwa sababu tangu mdogo anakaa juu ya magunia ya maharage kama karani wa ushirika, anaangalia nani kaingia na nani katoka. Miaka saba panya wanapita mbali na ghala letu.

Halafu akaanza kukonda. Anakula, mgongo unabaki kama ubao. Anakunywa maji ya kuku mpaka kuku wenyewe wanamshangaa. Nikamtibu kwa dawa yetu ya huku: ndizi. Kwetu aliyedhoofika hulishwa, na kulishwa ni ndizi. Ukila sahani nzima ya wali bado watakuuliza utakula saa ngapi. Nikawa nampondea ndizi laini na maziwa, asubuhi na jioni. Akazidi kukonda. Nikaongeza ndizi.

Nilikuwa namuua huku nambembeleza.

Binti yangu Aneth ni daktari wa mifugo kule Kaisho. Nimeandika daktari, na mimi niliyemzaa niliishia darasa la saba. Alikuja na pikipiki yake, akamtoboa Karani sikio, akaweka tone la damu kwenye kipimo.

"Mama, ana kisukari."

Nikacheka. Nilidhani kisukari ni cha watu wenye magari. Aneth hakucheka. Akasema ndizi basi, kuanzia leo ni dagaa, nyama na mayai, tena achomwe insulini kila asubuhi na jioni. Bila hivyo tuchimbe shimo.

Jirani yangu Ma Koku alikuwa uani, amekuja kuomba moto. Akapaza sauti wamsikie mpaka barabarani: "Mawe, mama yangu! Paka achomwe sindano? Akifa si unachukua mwingine, kwani paka wananunuliwa?"

Nikampa moto wake aende. Insulini ya paka yenyewe, Aneth alipopiga simu kuulizia, ni ya kuagizwa kutoka mbali na bei yake ni mbuzi mzima. Ningeuza mbuzi kwa ajili ya paka, baba Aneth angenirudisha kwetu.

Aneth akaniandikia karatasi. Akasema ipo insulini ya binadamu inayomfaa, nikaulize mjini Kayanga. Hiyo ni wiki tatu zilizopita. Duka la kwanza la dawa hawana. La pili wanayo chupa, lakini kwa bei ile mbuzi angebaki na miguu miwili tu. La tatu nikamkuta kijana mwenye baraghashia, adabu tele.

"Shikamoo mama. Jina la mgonjwa?"

"Marahaba. Karani."

"Umri?"

"Miaka saba."

Kalamu ikamtoka mkononi. "Saba! Pole sana, mama yangu. Basi chupa hii nakupa kwa bei niliyonunulia. Kwa mtoto siweki faida."

Hapa naungama. Nilinyamaza. Nilifungua hata pochi. Nikajiambia sijasema uongo, kaniuliza umri nami nimejibu. Lakini alipofungua friji niliona chupa zimebaki mbili tu, nikamfikiria mama mwingine, mwenye mtoto wa kweli wa miaka saba, anayeweza kuingia hapo kesho. Moyo ukanichoma kabla ya sindano yoyote.

"Mwanangu," nikasema nikiangalia sakafu, "Karani ni paka."

Mzee aliyekuwa anasubiri dawa ya kikohozi akaacha kukohoa.

Kijana akacheka mpaka akashika meza. "Sasa mama, paka ana kilo ngapi?"

"Nne."

"Na chupa nzima ya nini? Ukishaifungua, baada ya mwezi unaitupa. Huyo bwana hatamaliza hata robo." Akairudisha kwenye friji, akatoa kachupa kembamba kama kidole, kale kanakowekwa kwenye kifaa cha kujichomea insulini kinachofanana na kalamu. Hakukubali kuniuzia mpaka tumpigie daktari wa mgonjwa. Tukampigia. Aneth akasema hako hako, na akamtajia sindano ndogo za kuvutia dawa. Ungesikia mwanangu anavyoongea na mtu wa dawa, ungesema kazaliwa hospitali!

Bei yake jogoo mmoja. Na mbuzi wangu yuko pale, anatafuna maganda.

Nilirudi nimeipakata dawa kwenye chupa ya chai yenye maji baridi. Nyumbani friji hatuna, ila Aneth alinionyesha: chungu ndani ya chungu, mchanga uliolowa katikati, kwenye kona ya ghala isiyoona jua. Sasa Karani anakula dagaa wake, nami namchoma nyuma ya shingo bila hata yeye kuinua kichwa. Mimi wa darasa la saba! Na senene, wale panzi wetu wa kuliwa, wakianguka msimu huu tutagawana. Bibi yangu alikatazwa kuwaonja kwa kuwa ni mwanamke, lakini paka wangu ataonja.

Leo mchana akaja Ma Koku. Akazunguka, akasifia kahawa yangu, akauliza hali ya mbuzi. Mwisho likamtoka. Panya wametoboa gunia lake la maharage ya mbegu.

"Ma Aneth, naomba yule mgonjwa wako aje kwangu kidogo."

"Si ulisema akifa nachukua mwingine? Chukua mwingine wewe."

Tulicheka mpaka tukashikana mabega. Nikampa. Nikampa na masharti: hapewi ndizi hata akilia, na kabla ya saa moja jioni awe amerudi, ana dawa yake.

Sasa ni saa kumi na mbili na nusu. Nimekaa mlangoni, sindano iko tayari, na mvua imeanza. Je, nimfuate?

Ngoja. Namwona Ma Koku anakuja mbio kati ya migomba, amempakata Karani kifuani. Kichwa chake mwenyewe kinalowa. Kanga yake kamfunikia paka.