Aliyeandikiwa Kaburi Akiwa Hai

Jang'ombe,
Unguja.
14 Oktoba 1956

Mpendwa Mjomba Matar,

Assalaam alaykum, na shikamoo nyingi. Ni mimi Shamsi, mtoto wa dada yako Wanu. Sisi huku hatujambo kwa uwezo wa Mola, ila goti la mama la kushoto linamsumbua kila mvua za vuli zikikaribia. Je, hali yako? Na baridi ya Cardiff unaiweza? Kile kifua ulichoondoka nacho kimepoa? Bibi, mama yako, huuliza hilo kabla ya jengine lolote.

Mke wangu Kidawa alijifungua mtoto wa kike mwezi wa Mfungo Nne, tumemwita Mwatum. Analia usiku, mchana analala kama mtu wa zamu. Mimi bado nnasomesha skuli.

Lililonishikisha kalamu ni jambo la bibi yako, marehemu Bi Hidaya, yule Mzungu aliyesilimu. Wewe uliwahi kupakatwa naye. Mimi nimesikia habari zake tu.

Mwezi uliopita alifika mjini mama mmoja wa Kiingereza, Bi Margareti Wetherall, mtu wa makamo, mrefu, mwenye maneno machache. Kwao ni watu wa ardhi, wana jumba na mashamba Somerset, ng'ambo ya maji kutoka huko uliko. Hakuolewa, na kaka yake aliuawa vitani, kwa hivyo amebaki peke yake katika ukoo. Ndipo akaanza kuandika nasaba yao. Akakuta jina la Harieti, shangazi wa marehemu baba yake, aliyekuja Unguja mwaka 1882 kumsomesha mtoto wa mfanyabiashara mmoja wa kwao. Kitabu chao kinasema alikufa hapa kwa homa mwaka 1884. Bi Margareti akenda makaburi ya Wazungu kumtafuta. Kaburi hakuliona, na jina daftarini halimo.

Akauliza mitaani wiki nzima. Mwisho akaingia dukani kwa mzee Tayabali, yule muuza nguo unayemjua. Tayabali akamwambia, "Huyo aliyekufa simjui. Lakini nikiwa mdogo namkumbuka Mzungu aliyekuwa akija na buibui lake kununua nyuzi kwa baba yangu. Alikuwa akitoka Chukwani, na aliishi mpaka akazeeka." Hapo hapo akaniita, kwani anajua Bi Hidaya ni wetu na anajua Kiingereza ndicho ninachosomesha.

Ijumaa baada ya sala tukenda Chukwani kwa gari ya Tayabali. Bibi Mwanamkasi tulimkuta ukumbini anasuka ukili wa mkeka. Bi Margareti akampa picha ya msichana aliyekaa juu ya farasi. Bibi akaisogeza machoni, akaitazama sana, akasema, "Huyu mama yangu, kabla hajachoka."

Mjomba, nilipoifasiri kauli hiyo Bi Margareti alikaa chini mkekani bila ya kukaribishwa.

Wakaulizana mengi, mimi katikati. Bibi akaeleza jinsi mama yake alivyoolewa na babu yetu Mkadam, fundi seremala aliyekuwa akitengeneza milango ya nyumba ya yule mfanyabiashara. Kisha akaniambia, "Muulize, ndugu zake mama walimtafuta?"

Nikauliza. Bi Margareti akajibu, naye hakuficha kitu. Babu yake Edwadi, kaka wa Harieti, alipata barua kwamba dada yake amesilimu na kuolewa na mtu mweusi. Hakumjibu. Akatia jiwe kwenye ukuta wa kanisa lao, limechorwa jina la Harieti na mwaka 1884, na akapiga marufuku jina hilo kutajwa mezani. Wakati huo Bi Hidaya yuko hai Chukwani, na Bibi hata hajazaliwa.

Nilishindwa, Mjomba. Nilimtazama Bibi na miaka yake sabini, nikasema, "Anasema walipata habari kwamba amekufa kwa homa."

Bibi akaendelea kusuka. Alipofika mwisho wa mshono akasema, "Shamsi, hayo siyo aliyoyasema. Mama alinisomesha Kiingereza mpaka siku niliyoolewa. Kusema nimeshasahau, lakini kusikia bado nasikia. Nifasirie kama yalivyo."

Nikamfasiria kama yalivyo, neno kwa neno, uso nimeuinamisha. Aibu niliyoipata siku ile sitaki kuipata tena.

Bi Margareti alikuwa analia, bila ya sauti. Bibi akamshika mkono. "Mwambie asilie. Hata mama naye aliwafisha wao. Alimwambia baba kwamba kwao wote wameisha kwa ndui, na sisi watoto akatwambia hivyo hivyo. Lakini siku zake za mwisho homa ilipompanda alikuwa akimwita Edwadi, Edwadi, kutwa. Mimi nikadhani anaita maiti."

Alasiri tukampeleka Bi Margareti kaburini. Unalijua: mawe mawili tu, la kichwani na la miguuni, halina jina. Mimi nilisoma Fatiha, yeye akasimama kimya mpaka nilipomaliza. Akasema akirudi atalibadilisha lile jiwe la kanisani, liandikwe mwaka wa kweli, 1923, na jina la Hidaya pia.

Tuliporudi nyumbani akafungua kitabu cha nasaba, akamwomba Bibi amtajie watoto na wajukuu. Bibi akataja, mimi nikiandika kwa herufi zao. Mama akaandikwa, nami nikaandikwa. Tukafika kwako. Bi Margareti akauliza kama kawaida, huyu yuko hai au ameshafariki.

Sote tukamtazama Bibi. Mjomba, huu mwaka wa nne hatujapata barua yako. Shaaban iliyopita watu wa msikitini walimshauri Bibi akusomee khitma kama maiti, na mama alikuwa ameshakubali. Sikusudii kukuumiza, lakini ndivyo ilivyo.

Bibi akaweka ukili chini, akasema, "Andika yuko hai. Sitamwandikia kaburi mtu ambaye sijui kama amekufa."

Nikaandika: Matar bin Hamad, Cardiff. Mahali pa mwaka wa kufa nimepaacha wazi.

Barua hii nnaituma kwa anwani ile ya nyumba ya mabaharia. Kama kuna lililokufanya uone haya kutuandikia, au ugonjwa, au mke, au dhiki ya kazi, hakuna hata mmoja huku anayekudai maelezo. Tuandikie mstari mmoja tu, hata kwa mkono wa mtu.

Mama anakusalimu, na Kidawa, na shangazi yako Borafya wa Makunduchi, na Sheha aliyekuwa mwenzako wa chuoni, sasa mvi tupu. Mzee Tayabali naye kasema nisimsahau. Mola akuhifadhi katika ugeni wako na akurejeshee afya na akurudishe nyumbani.

Bibi amekuja mjini, yuko hapa ubavuni kwangu. Anasema nisifunge bahasha kabla hajaigusa.

Mimi mwanao akupendaye,
Shamsi bin Usi