Udongo wa Likizo

Bi Somoe,

Shikamoo. Hii ni barua ya kwanza kukuandikia wewe. Zile nyingine zote niliziandika kwa niaba yako, wewe umekalia mbuzi ukikuna nazi, mimi nimeketi kizingitini na daftari magotini. "Mwambie Mwanahawa mie mzima. Mwambie mvua imenyesha. Mwambie asinitumie samaki mkavu, huku wapo." Nikimaliza ulitaka nikusomee mara mbili: ya kwanza usikie maneno yako, ya pili usikie kama nimeongeza yangu.

Hii sijui nani atakusomea. Lakini kuna kitu ulinikabidhi nami nikakiharibu, na sijazoea kukuficha jambo.

Ni mwasumini wako.

Nianze na siku ya maziko, maana hofu yangu ilianzia pale. Nilitembea nyuma kabisa ya jeneza. Wanaume walikuwa wakipokezana kukubeba, nami nikajiambia mimi Mkristo, mtoto wa Upareni, huenda nikishika nitakosea. Mzee Kibwana, mwenye nyumba wetu, akanivuta mkono wa shati. "Shika, karani. Miaka miwili umekula vitumbua vyake, hukuuliza dini yake." Nikashika. Ulikuwa mwepesi, Bi Somoe. Sikutegemea uwe mwepesi vile.

Mwanahawa hakuwahi. Barabara ya kusini ilikuwa chini ya maji kule Rufiji, na simu ya maandishi aliyotuma ilisema atakuja kwenye arobaini, tumtunzie asumini ya mama. Nilipoisoma nilikumbuka ulivyoniita chumbani siku zile za mwisho. Hukunikabidhi kitu kingine chochote. "Karani, mwasumini usishikwe na kiu. Mwanangu akija aukute." Nilijua mti ule umetoka wapi: tawi ulilolikata kwa mama yako Lindi, ukalifunga kwa kitambaa kibichi, ukalipakata njia nzima hadi Temeke.

Basi nikautunza kwa hofu, kama ninavyofanya kila kitu. Niliumwagilia asubuhi kabla ya kazi na jioni nikirudi. Siku ya tano majani ya chini yakawa manjano. Nikasema udongo umechoka, kama ulivyonifundisha, unataka chakula. Hapo nilikuwa sawa. Kosa ni lililofuata.

Pipa lako la mboji lilikuwa pale pale pembeni mwa ua, limefunikwa bati na jiwe juu. Sikuligusa. Nilikuwa nimesikia wazee msibani wakisema mali ya marehemu haiguswi mpaka warithi wafike, na mimi, mtu wa majalada, nikalihesabu pipa kuwa mali. Nikaenda Kipawa kwa mtu anayefuga kuku, nikarudi na nusu gunia la samadi, mbichi, ikinuka mpaka abiria wenzangu wakahama viti. Nikaijaza ndani ya debe la mwasumini.

Siku ya nne baada ya samadi, majani yalikuwa meusi kingoni kama karatasi iliyopitishwa kwenye mshumaa. Nikatia mkono kwenye udongo. Ulikuwa wa moto.

Nilisimama pale mkono ungali ndani ya debe nikakukumbuka mwezi wangu wa kwanza Dar es Salaam, nilipolala na malaria, sina ndugu hata mmoja mjini, nikiogopa kufa na nikiogopa zaidi kuchelewa kazini. Uliingia bila kubisha hodi, ukaweka kiganja kwenye paji la uso wangu. "Homa haijashuka. Lala." Na baadaye, nilipopona, nilikuona ukitia kiganja kile kile ndani ya pipa, kati ya maganda ya ndizi, pumba na majani ya chai, ukasema vile vile: "Homa haijashuka. Ikilala ndiyo tutaipa miti." Nilicheka. Nilidhani ni mzaha wako.

Sasa nikufichulie na aibu. Nililisogeza debe nyuma ya ukuta wa choo, nikalifunika. Jumamosi nikaenda Kinondoni kwa muuza miche wa kando ya barabara, na mwasumini wa kimo kile kile ulikuwepo. Hata ulikuwa umepinda upande wa kushoto kama wako. Nikauinua. Yule kijana alikuwa mchangamfu, akanisifia jicho langu, akasema, "Chukua, braza. Huu hata aliyeupanda mwenyewe hawezi kuutofautisha."

Nikauweka chini. Sikumwaga machozi mbele ya watu, ila nilitembea njia yote mpaka Magomeni ndipo nikakumbuka kuna basi.

Nyumbani nilimkuta Mzee Kibwana anapima ua kwa hatua. Anataka kuusakafia baada ya arobaini, akaniagiza nimwage madongo yako yote kwenye shimo la taka: yale ya makopo, na lile gunia lililosimama nyuma ya jiko. Gunia lile ndilo lililonifanya nifungue mdomo. Unakumbuka nilipokuuliza kwa nini unahifadhi udongo uliokwisha kazi? "Udongo haufi, huchoka. Huo uko likizo. Hata wewe karani serikali inakupa likizo, au huwa wanakutupa?" Nikamwambia Mzee Kibwana anipe mpaka arobaini. Sijawahi kumwomba mtu mzima kitu bila kwanza kukiandika kwenye karatasi. Akasema, "Haya."

Kuhusu pipa, nilikwenda kwa mjumbe wetu wa nyumba kumi, Mama Chausiku, kuuliza kama naweza kulifungua kabla ya warithi. Alicheka akakaa chini. "Karani, unataka tumwite na shehe, tugawane maganda ya ndizi?" Akapaza sauti kwa jirani zake wa ng'ambo ya uchochoro ili nao wacheke. Wakacheka. Nami nikacheka, Bi Somoe, mara ya kwanza tangu ulipotutoka.

Nikaondoa jiwe na bati, nikatia mkono. Baridi. Nyeusi, nyepesi, inanukia kama ardhi iliyopata mvua ya kwanza. Ulikuwa umeiacha tayari. Wakati mimi nasafiri Kipawa kutafuta, ilikuwa hatua sita kutoka mlangoni pangu.

Safari hii nilikufuata neno kwa neno. Nilimwaga udongo wa likizo juani, nikavunja madonge kwa mikono, nikatoa mizizi mikavu, nikauchekecha kwa ule wavu wako wa dirisha. Niliukausha siku tatu. Kisha makopo mawili ya udongo kwa kopo moja la mboji, makumbi ya nazi niliyoyakatakata ili upumue, maganda ya mayai yaliyopondwa, majivu konzi moja tu, maana ulinikemea siku niliyotia mbili. Nikaunyunyizia maji mpaka ukishikwa unashikana, ukiguswa unaachia. Nikaufunika gunia bichi, na kila jioni nikatia kiganja. Nikauliza kwa sauti, watu wasikie, wanione mwehu: homa imeshuka? Kisha vigae juu ya matundu ya makopo, udongo juu ya vigae. Makopo saba na debe moja, yote yamejaa udongo, hayana mti. Nilijua sina cha kumwonyesha mwanao, lakini angalau udongo wa mama yake utakuwa mzima.

Mwasumini ulikuwa umekwisha. Kabla sijaung'oa na kumwaga ile samadi, nilikwangua gome kwa ukucha mpaka shinani. Hapakuwa na kijani.

Siku tatu kabla ya arobaini niliona vitu vidogo kwenye debe, majani mawili mawili, kama masikio ya panya. Nikadhani magugu. Nikachuna moja nikalisugua kwa vidole, na kwa harufu ile ukaja wewe. Mrehani, Bi Somoe. Kila kopo. Mbegu ulizokuwa ukizipukusa mwaka juzi na mwaka wa jana bila kujali zinaangukia wapi, zililala likizo pamoja na udongo wao. Ningeumwaga shimoni kama nilivyoambiwa, zingekwenda nao.

Mwanahawa alifika. Ana mwendo wako. Nilimpokea mzigo, nikampeleka uani kabla hata hajanywa maji, maana nilijua nikikaa nitaogopa. Nikamweleza yote: kuku, Kipawa, ukuta wa choo, hata kijana wa Kinondoni. Akainama kwenye debe, akatia mkono mpaka kwenye kifundo, akautoa, akaunusa.

"Mwasumini wa kwanza aliuunguza mama mwenyewe," akasema. "Hakukwambia?"

Hukuniambia.

"Samadi ya mbuzi, mbichi inafuka moshi. Tawi la kwanza kabisa. Alilia siku mbili, akarudi kwa bibi kuomba lingine, na bibi alimsema mpaka kijiji kizima kikajua. Toka hapo ndiyo ikawa kutia mkono, kutia mkono, mpaka sie tukamwita daktari."

Tulicheka wote wawili tukiwa tumechuchumaa pale, machozi yanatutoka. Miaka miwili nilidhani wewe ulizaliwa unajua. Laiti ungeniambia. Au labda ulikuwa unaniambia kila ulipotia kiganja, nami sikusikia.

Mti wa bibi bado upo Lindi. Mwanahawa atakata tawi mwenyewe na kulileta kiangazi, barabara ikikauka. Debe nimeliacha bila mti katikati, mrehani nimeuachia kingoni tu. Mzee Kibwana amesakafia ua, lakini kona yako ameiruka. Akasema saruji imepungua. Niliona mfuko mzima umebaki barazani kwake. Sikusema kitu.

Asante kwa kiganja chako. Asante kwa pipa uliloliacha tayari bila kusema ni la nani. Ninakuahidi sitampa mti wala mtu kitu kabla sijagusa kwanza kama ana homa. Na Ijumaa nitakuletea mrehani kaburini, nikusomee barua hii mara mbili, polepole. Ya pili utasikia kwamba safari hii maneno yote ni yangu.

Kila jioni niliporudi kazini ulikuwa ukiniuliza kutoka jikoni, kabla hata sijavua viatu: "Wamekula?" Ukimaanisha wakubwa wa ofisini, kama wameninyofoa nyama. Leo nimeingia uani, nimesimama karibu na debe, nikajibu.

Hawajala, Bi Somoe. Nimerudi mzima.

Karani wako,
Elia