Kugusa na Kushika

Jumatatu, 4 Machi
Siku ya kwanza ya kizibao cha njano. Mgongoni kimeandikwa USALAMA. Mkuu wa zamu katupa semina ya dakika kumi: tabia kwenye treni zimeoza, wanawake wanaanza kuzikimbia, sasa basi. Kila tukio lina fomu. Akakazia kifungu cha nne — "ameguswa" ni msongamano tu, hakuna kesi. "Ameshikwa" ni polisi, na mtu hapandi tena treni zetu. Msichanganye, kasema. Nani atachanganya?
Kizibao alinipigia pasi baba mkwe mwenyewe. Fundi saa mstaafu, mikono mitulivu. Kasema nimependeza kama trafiki.

Jumatano, 6 Machi
Behewa la tatu, bwana mmoja anakata kucha za miguu. Nikamwomba aache. Akauliza, aishie kidole kipi? Behewa la tano, mtu anasikiliza mpira simuni, sauti mpaka mwisho. Nikamwambia apunguze, abiria wakanizomea — ilikuwa penalti. Nikaisubiri penalti. Wamekosa. Nimeandika: "kero, imekwisha".

Ijumaa, 8 Machi
Muuguzi, bado kavaa sare, kanifuata kwenye ngazi za stesheni. Mzee wa kofia ya kijivu, behewa la pili, saa nne asubuhi. Mara ya tatu wiki hii. Nikamuuliza kama tulivyofundishwa: kakugusa au kakushika? Akanitazama kwanza. Kasema kazi yake ni kushika watu mchana kutwa, tofauti anaijua. Kashikwa.
Hakulia. Aibu niliiona mimi, kwa lile swali langu.

Jumatatu, 11 Machi
Picha ya kamera imefika. Treni imesimama stesheni, milango wazi, mkono unaonekana vizuri. Mkuu kauliza nani anamfahamu huyu. Wenzangu wakatikisa vichwa. Na mimi nikatikisa.
Kofia ile niliinunua mimi.
Baba mkwe hutuaga anakwenda kliniki ya presha. Kliniki ni Alhamisi tu. Hakuna aliyewahi kuhesabu siku.

Jumanne, 12 Machi
Sina zamu leo. Asubuhi nimemwambia mume wangu kila kitu, hata kwamba nilitikisa kichwa. Kakoroga chai mpaka ikapoa. Halafu: andika kaguswa, mama watoto. Neno moja tu. Baba nitaongea naye mimi.
Neno moja!
Mzee kaingia na redio anayoitengeneza. Hatukuwa tumemtajia kitu. Kaona fomu mezani, kaisoma bila miwani. "Mwanangu, treni iliyumba," kasema. "Nilimgusa tu." Kwa sauti ileile anayoniombea chumvi.
Nampenda huyu mzee. Na vidole vyake siviangalii tena.
Fomu inatakiwa stesheni saa nane. Majina yake nimeshayaandika, yote matatu, kwa wino. Kimebaki kifungu cha nne. Mume wangu kasimama dirishani, mzee kaketi mbele yangu na bisibisi yake. Wanasubiri. Wanadhani haya ninayoandika ndiyo fomu.
Simu. Ni yule muuguzi — namba nilimpa mwenyewe. Yuko jukwaani, treni inaingia. Anauliza, apande, au yule mzee bado anapanda treni zetu?